Moto wa Karabai Ndani ya Ndege

Mama alipowasili kutoka Mombasa, siku tano kabla ya safari yake ya Umra, tuliamkiana, watoto wakambusu mkono, akalalamikia baridi ya Nairobi kama ilivyo desturi ya kila Mpwani afikaye huku, kisha akanyamaza ghafula. Alikuwa akisikiliza. Nyumba yetu iko Utawala, upande wa Embakasi, na ndege nyingi zinazoondoka Uwanja wa Jomo Kenyatta hukata mbingu ya upande wetu zikiwa bado ziko chini, zinahangaika kupanda. Sisi wenyeji hatuzisikii tena, kama mtu wa Likoni asivyosikia tena honi ya feri. Lakini mgeni husikia, na vikombe kabatini navyo husikia.

"Mwanangu, ile ngurumo ni ya nini?"

"Ni injini za ndege, Mama."

"Na injini hizo zatiwa mafuta gani?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Mafuta ya taa." Laiti ningeuma ulimi wangu!

Ili msomaji anielewe, sharti nimweleze jambo la nyumbani. Mama yangu alikuwa na mdogo wake mmoja tu, mama yangu mdogo. Jioni moja ya Ramadhani, miaka mingi iliyopita, mama mdogo alikuwa akipika uji wa futari juu ya stovu ya pampu. Stovu ikalipuka. Alikaa hospitali siku tisa na ya kumi akafariki dunia. Tangu siku ile, stovu ya mafuta ya taa haikuingia tena katika nyumba ya Mama. Tulipikiwa kwa makaa mpaka ilipokuja gesi, na hata hiyo gesi Mama aliiendea kwa kisomo.

"Basi," akasema polepole, huku akilikunja buibui lake magotini, "yale yale yaliyomuua mdogo wangu ndiyo mtakayonipandisha nayo juu angani?"

Sikuwa na la kujibu. Tikiti ilikwisha kulipwa kwa mchango wa ndugu sita. Mama hakuwahi kupanda ndege hata mara moja, na safari yenyewe alikuwa ameiomba Mungu tangu nikiwa mtoto. Usiku ule nilimsikia akimwambia mke wangu kuwa huenda safari ikangoja mwaka mwingine. Nikajua kwamba hapa nasaha zangu hazitafika mbali. Nikaenda kumwita Ami.

Ami ni jirani yetu, mzaliwa wa Lamu, aliyekuja Nairobi akiwa kijana na kufunzwa ufundi wa injini katika siku za mwisho za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lile lililoanza mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977. Amekaa Eastleigh, akakaa Jericho, na sasa amestaafu huku kwetu ambako anasema ndege humpitia kumjulia hali. Akisikia mlio tu hukwambia ni injini ya aina gani, na akikosea hasemi.

Alikuja baada ya sala ya Isha. Hodi, karibu, kahawa na haluwa, habari za Lamu na habari za Mombasa. Mama alijifunika vyema akakaa upande wa mlango. Ami hakuanza na ndege hata kidogo.

"Bi Mkubwa," akauliza, "waikumbuka karabai?"

Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Ni Mpwani gani wa rika lake asiyeikumbuka? Maulidi ya usiku ilikuwa karabai, harusi karabai, na wavuvi wa dagaa wakitandaza nuru baharini, karabai vile vile.

MAFUTA NI YALE YALE

"Haya," akasema Ami, "nambia, katika karabai kinachowaka ni nini?"

"Mafuta."

"La, Bi Mkubwa. Mafuta hayawaki. Kinachowaka ni mvuke wake."

Akaeleza. Chini ya karabai mna tangi, na tangi lina pampu. Ukipiga pampu, hewa inabanwa juu ya mafuta na kuyasukuma yapande katika kijibomba cha shaba. Kijibomba hicho ulikwisha kukipasha moto kwa spiriti, basi mafuta yakipita humo hugeuka mvuke, yakatoka kwa kitundu chembamba kama ncha ya sindano, yakachanganyika na hewa, ndipo yanapowaka ndani ya kile kisoksi cheupe. Ile sauti ya kufoka ambayo watoto wa zamani tulilala nayo ni sauti ya mvuke na hewa vikikimbilia motoni. "Hiyo ndiyo ngurumo ya ndege ikiwa changa," akasema.

Kisha akafika mahali ambapo mimi mwenyewe sikupajua. Kila mafuta yana kiwango chake cha joto ambacho chini yake hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto. Mafuta ya ndege, yale yanayoitwa Jet A-1, kiwango chake hakiruhusiwi kuwa chini ya nyuzi 38 za sentigredi. Katika baridi ya Nairobi, njiti ya kiberiti iliyotumbukizwa ndani ya bakuli la mafuta hayo yaweza kuzimika kama iliyotumbukizwa majini. (Ami hakulifanya jaribio hilo sebuleni kwangu, na msomaji naye namsihi asilifanye kwake.) Petroli sivyo. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata ikiwa baridi kupita barafu. Ukiifungua chumbani mvuke wake hutambaa sakafuni, ukakutana na moto ulio mbali nawe.

"Na mafuta ya taa ya dukani, je?" nikauliza.

"Ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Hapa Kenya huletwa bandarini yakiwa shehena moja, ya ndege na ya jikoni, halafu ndipo yagawanywapo. Tofauti ni kwamba ya ndege hupimwa na kupimwa tena, maji yasiwemo, taka isiwemo, na yasigande mpaka baridi ifike nyuzi 47 chini ya sufuri, kwa sababu huko juu baridi ni ya namna hiyo. Ya jikoni hakuna ayapimaye akishayafikisha muuza duka. Na muuza duka akiyatia petroli kidogo, ama pipa lake likiwa lilitangulia kutiwa petroli, basi stovu yako si stovu tena. Ni bomu."

Chumba kikanyamaza. Mama alikuwa akitazama mkeka.

"Mafuta yale," akasema mwishowe, "siku ile yalikuwa na harufu kali. Mimi ndiye niliyetuma mtoto dukani. Na miaka yote hii nasema alipiga pampu kupita kiasi."

Ami hakusema kitu. Mimi nilikuwa nimeisikia habari ya mama mdogo maisha yangu yote, lakini ile harufu sikupata kuisikia ikitajwa. Mke wangu akaondoka kwenda kuongeza kahawa ambayo haikuwa imepungua.

MOTO KATIKATI YA UPEPO

Ni Mama mwenyewe aliyemtaka Ami aendelee. Alitaka kujua moto unakaa wapi. Ami akaomba karatasi, tukampa ukurasa wa kalenda ya mwaka uliopita, akachora nyuma yake kitu kama pipa lililolala.

Mbele ya pipa kuna pangaboi kubwa. Nyuma yake zimo safu juu ya safu za mapanga madogo yanayozunguka, na kila safu inaisukumia hewa katika nafasi iliyo finyu kuliko ile ya kwanza. Katika zile ndege za Boeing 787 ambazo Kenya Airways ilianza kuzipokea mwaka 2014, hewa hubanwa zaidi ya mara 40. Hewa ikibanwa hupata moto yenyewe. Aliyewahi kujaza baiskeli upepo akaishika pampu yake kwa chini anajua. Humu ndani hupata joto la mamia ya nyuzi kabla halijaingia hata tone moja la mafuta.

Hapo katikati ya pipa ndipo kilipo chumba cha moto. Mafuta hunyunyizwa kwa pua nyembamba yakatoka kama ukungu, na ukungu ule, kwa lile joto, hugeuka mvuke mara moja. Ni karabai tupu. Ila kuna shida moja ambayo karabai haina. Hewa inaingia kwa kasi ya tufani, na ulimi wa moto wa mafuta ya taa hausafiri ila kwa mita chache tu kila sekunde. Kwa hesabu ya kawaida moto huo ungepeperushwa nje ukazimika kabla ya kuwaka vyema. Mtu anayewasha kiberiti ufuoni wakati wa kusi hufanyaje? Huupa upepo mgongo, akaukinga moto kwa viganja. Fanusi nayo hukingiwa kwa chemni. Chumba cha moto cha injini kina kinga yake kama hiyo: bati lenye matundu yaliyopangwa kwa hesabu, na vizibo vyenye mapezi vinavyoipotoa hewa ijizungushe kama maji ya kizingia, ikazunguka pale pale mbele ya pua za mafuta. Ndani ya kizingia hicho moto unatulia. Nje yake tufani inapita.

Kilo moja ya mafuta huhitaji kama kilo 15 za hewa ili iwake ikaisha. Lakini hewa inayopita ni nyingi kuliko hiyo mara tatu au nne. Sehemu ndogo tu huingia katika moto. Iliyobaki huingilia yale matundu ya pembeni, ikalizunguka bati kama shuka lisiguswe na moto, kisha ikachanganyika na ule moshi kuupooza. Na lazima ipooze, kwa maana kitovu cha moto hupita nyuzi 2,000, joto ambalo chuma chochote cha injini kingeyeyuka kama siagi. Hata baada ya kupozwa bado ni joto la kuyatisha madini. Mapanga yanayokaa nyuma ya moto hutengenezwa kwa madini ya nikeli, tena hutobolewa vitundu vyembamba ili hewa ya ubaridi ipite ndani yake na kutoka juu ya ngozi yake. Ami aliwahi kulishika mkononi moja la mapanga hayo. Anasema ni dogo, waweza kulitia mfukoni, na bei yake usiulize.

Mapanga hayo ya nyuma huitwa tabini. Upepo wa moto ukiyapiga huzunguka, nayo yameunganishwa kwa shafti na mapanga ya mbele. Kwa hiyo moto wa nyuma ndio unaolizungusha pangaboi la mbele, na pangaboi la mbele ndilo linaloleta hewa ya kuulisha moto.

"Ngoja," Mama akamkatiza. "Mmoja amlisha mwenzake, na mwenzake amlisha yeye. Sasa aliyeanza ni nani?"

Nilimwona Ami akifurahi. Akasema katika miaka yake yote ya kufunza vijana, ni wachache waliomwuliza swali hilo. Aliyeanza ni mwingine. Katika mkia wa ndege mna kiinjini kidogo, na katika ndege nyingi hicho ndicho kinachotoa upepo wa kuizungusha injini kubwa mpaka ipate kasi. Hapo plagi hutoa cheche, mafuta hufunguliwa, moto ukashika. Ukishashika, plagi huzimwa. Moto unajiwakia wenyewe mpaka rubani aukatie mafuta. "Kama spiriti ya karabai," Mama akasema, na Ami akasema naam, hasa.

Mwingereza Frank Whittle aliandikisha hati ya injini ya namna hii mwaka 1930, lakini ndege ya kwanza kuruka kwa injini ya jeti ilikuwa ya Wajerumani, tarehe 27 Agosti 1939, siku chache kabla ya vita kuanza. Mashariki ya Afrika hatukuchelewa sana. Safari ya kwanza duniani ya abiria kwa ndege ya jeti, ile Comet iliyotoka London kwenda Johannesburg mwezi Mei 1952, ilitua Entebbe. Nairobi haikuwamo katika vituo vyake.

Jambo moja katika mchoro lilinishangaza mimi kuliko Mama. Nilidhani ndege inasukumwa na moto unaotoka nyuma. Katika injini za kale ilikuwa hivyo, ndiyo sababu zilipiga kelele za kupasua masikio. Injini za siku hizi, kama hizo za 787, kwa kila fungu moja la hewa linaloingia motoni, mafungu kama tisa hupita nje ya pipa la moto, yamesukumwa na pangaboi tu. Kazi kubwa ya moto ni kulizungusha pangaboi lile, na sehemu kubwa ya msukumo hutoka kwenye upepo baridi. Kila injini moja hutoa msukumo wa kama tani 30. Shuleni tulifundishwa injini kwa mchoro wa pistoni ya motokaa, na ndege tukaachiwa tuikisie. Nimekisia vibaya miaka arobaini.

Na la ajabu zaidi: kila kilo moja ya mafuta hayo ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja ya maji. Mafuta yana haidrojeni ndani yake, nayo huchukua oksijeni ya hewani, vikawa mvuke. Ile mistari myeupe tuionayo nyuma ya ndege zipitazo juu sana ni maji yaliyoganda. "Maji kutoka motoni," Mama akasema. "Subhanallah." Pamoja na maji hutoka zaidi ya kilo tatu za hewa ya kaboni, ambayo haionekani wala haigandi, na ambayo dunia nzima inaililia. Ndege ya 787 hula kama tani tano za mafuta kwa saa. Msomaji apige hesabu mwenyewe.

KUTOKA CHANGAMWE

Usiku wa pili Ami alirudi bila kuitwa, na safari hii mazungumzo yalikuwa ya njia. Mama alitaka kujua mafuta hayo yanafikaje Nairobi pasipo bahari. Ami akamwambia, "Yametoka kwenu, Bi Mkubwa. Yametoka Changamwe."

Ni kweli. Tangu mwaka 1978 kuna bomba la chini ya ardhi kutoka Mombasa hadi Nairobi, kama kilomita 450, na mwaka 2018 likawekwa jipya lililo pana zaidi. Lile la kwanza liliyasukuma mafuta kutoka Changamwe hadi Maungu, yakasukumwa tena Mtito Andei, na tena Sultan Hamud, kwa sababu Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600 na mafuta hayapandi mlima kwa hiari yake. Bomba ni moja lakini mafuta ni mengi: petroli hutangulia, dizeli ikafuata, mafuta ya ndege yakafuata, kama mabehewa ya treni yasiyo na ukuta baina yake. Pale yanapogusana hutengwa yakifika. Yale ya ndege huishia Embakasi, karibu na uwanja. Huku kwetu kuna hata mtaa unaitwa Pipeline, na mtoto aliyezaliwa humo huenda asijue kuwa jina la mtaa wake ni la kitu kinachopita chini.

Hapa sisi wa mashariki ya Nairobi tuna kumbukumbu yetu. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja ikaingia katika mfereji unaopita kijiji cha Sinai, kando ya barabara ya Lunga Lunga. Watu walikwenda na ndoo na madumu kuichota. Moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Nilipita barabara ile siku mbili baadaye na bado kulikuwa na harufu. Wako waliosema waliokufa walikuwa wajinga. Sikubaliani nao hata leo. Katika nyumba za mabati lita moja ya mafuta ni chakula cha jioni, na mtu ambaye maisha yake yote amebeba mafuta ya taa kwa kopo, akayamwaga, akayapangusa kwa kitambaa bila kudhurika, mikono yake imezoea hivyo. Petroli haina subira hiyo.

Siku hizi mafuta ya taa yenyewe yanapungua majikoni. Mwaka 2018 serikali iliyawekea tozo ya shilingi 18 kwa lita ili wachuuzi waache kuyachanganya na dizeli, na wengi wa Embakasi wakahamia mtungi wa gesi. Mafuta ya ndege hayakuguswa na tozo hiyo. Jamaa mmoja kilabuni kwetu, namaanisha kilabu ya bao, husema mafuta ya taa yamepanda cheo, yameacha kupika ugali sasa yanapeleka watalii.

Ami aliendelea na habari za zamani. Kabla ya Embakasi, uwanja wa Nairobi ulikuwa Eastleigh, Isili kama wenyewe wanavyouita, na kambi ya ndege za jeshi iko hapo hadi leo. Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, na mikono iliyouchimba ilikuwa ya wafungwa na mahabusu wa siku za Mau Mau. Katika orodha ya wenye uwanja majina yao hayamo. Siku hizo Dakota ndizo zilizotawala, kila moja ina injini mbili za pistoni zenye silinda 14, zikila petroli, zikizungusha rafadha. Mwaka 1960 Shirika la Afrika Mashariki likaleta Comet zake, na mwaka 1966 zikaja Super VC10, zenye injini nne mkiani. Wazee wa Makadara na Kaloleni bado wanazikumbuka kwa mlio.

Nairobi, kwa injini, ni mahali pagumu. Hewa yetu ni nyepesi. Ukilinganisha na ya Mombasa, kila pumzi ya injini hupungukiwa kama sehemu moja katika sita. Hewa ikipungua, na mafuta yanayoweza kuchomwa hupungua, na msukumo hupungua, na bawa nalo hupata upepo mchache wa kulibeba. Ndiyo sababu njia ya kurukia ya Embakasi ina zaidi ya kilomita nne, na ile ya Mombasa ina tatu na kitu. Ndiyo sababu pia ndege nzito huondoka kwa wepesi zaidi usiku na alfajiri, hewa ikiwa baridi na nzito, kuliko saa nane za mchana.

"Na ikishindwa?" Mama akauliza.

Nilitamani Ami abadilishe mazungumzo. Hakubadilisha. Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974, Jumbo la Lufthansa lililotoka Frankfurt likielekea Johannesburg liliondoka Embakasi likiwa na watu 157. Lilinyanyuka kidogo tu, likatetemeka, likaanguka nyikani mbele ya njia ya kurukia na kushika moto. Watu 59 walikufa, 98 wakaokoka. Ilikuwa mara ya kwanza ndege ya aina hiyo kuua watu. Ami alikuwa kijana karakana, akauona moshi.

"Injini zilizimika?"

"Hazikuzimika, Bi Mkubwa. Injini zote nne zilikuwa zinanguruma vizuri." Akaeleza kuwa katika ndege ile sehemu ya hewa iliyobanwa ndani ya injini huchotwa ikapelekwa kwa mabomba kufanya kazi nyingine, mojawapo ikiwa kuvifungua vibawa vya ukingo wa mbele, vinavyolipa bawa nguvu ya kupaa mwendo ukiwa mdogo. Asubuhi ile vali za hewa hiyo zilikuwa zimefungwa. Moto uliwaka, pangaboi zilizunguka, ila vibawa havikufunguka, na ndege ikapanda na bawa lisilo tayari katika hewa nyepesi ya Nairobi. Baadaye waundaji waliongeza onyo la kumzindua rubani asiondoke katika hali hiyo. Na 787 haichoti tena hewa ya injini kwa kazi kama hizo. Hutumia umeme na mafuta ya haidroli.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: kwamba yeye haogopi kufa njiani kwenda Makka, nani asiyetaka? Alichokuwa akiogopa ni kuungua kwa ujinga, bila mtu kujua kwa nini.

Nilimsindikiza Ami hadi mlangoni kwake. Njiani nikamwuliza nililolificha: je, mafuta yaliyomo mabawani yenyewe hayawezi kulipuka? Akasimama. Akasema yaweza, na ilitokea tarehe 17 Julai 1996, karibu na New York, Jumbo jingine, la TWA, watu 230. Tangi la katikati lilikuwa karibu tupu, likapashwa moto kutoka chini na mitambo ya kupooza hewa, mvuke ukajaa, na cheche ikapatikana. Ile ile habari ya nyuzi 38. Tangu hapo ndege mpya hujaziwa hewa ya naitrojeni juu ya mafuta, na naitrojeni hailishi moto. 787 inayo.

"Kwa nini hukumwambia Mama?"

"Hakuuliza," akasema, akaingia ndani.

Siku ya safari tulimfikisha uwanjani saa tatu kabla. Alikuwa na tasbihi, ndara mpya, na chupa ya maji ambayo askari walimwambia aimwage, jambo lililomuudhi kuliko habari zote za moto. Niliporudi Utawala nilipanda juu ya paa pamoja na watoto. Saa ya ndege yake ilipofika ngurumo ikaja, taa zikapita juu ya matangi ya maji ya majirani, zikapinda kuelekea kaskazini. Mlango wa Ami ulikuwa wazi na yeye kasimama barazani, kichwa kakiinua, akisikiliza.

Mama alipiga simu kutoka Madina siku ya tatu. Alieleza habari za Msikiti wa Mtume, za tende, za mwenzake wa chumbani kutoka Malindi anayekoroma. Mwisho nikamwuliza, ndege je?

"Ni karabai haswa," akasema. "Ila karabai yetu ilikuwa haitikisi meno. Mwambie Ami nimemwombea dua, na mdogo wangu nimemwombea yake."